Mtamba Aliyekosa Mnunuzi

Nianze na korongo, maana bila hilo korongo hakuna habari ya kusimulia.

Nyuma ya boma la kina mwenzangu, kule Oldonyo Sambu, kuna korongo lenye kina cha watu watatu waliosimamiana mabegani. Karibu mwaka mzima ni kavu. Watoto wanacheza humo, mbuzi wanashuka kulamba magadi kwenye kuta zake, watu wanakatisha kwenda ng'ambo kama wako barabarani. Shida yake ni moja: mvua inaweza kunyesha kule juu mlimani, wewe huku jua linakuchoma kisogo, na maji yakakufikia hujaona hata tone. Unasikia kwanza mlio kama wa lori linalomwaga kokoto. Ukishausikia, ama umebakiza muda wa kupanda ukingo, ama hujabakiza.

Baba yake mwenzangu hakubakiza.

Mwenzangu ninayemsema ni fundi mwenzangu. Tunachomelea mageti na madirisha Kwa Mrombo, banda moja, mashine moja, na redio moja tunayoigombania. Mimi ni Mchaga wa Kijenge, yeye ni Mwarusha. Nilipofeli shule na nyumbani wakaanza kuniangalia kama kiti kilichovunjika mguu, yeye ndiye aliyenivalisha miwani ya kuchomelea akaniambia kaa hapa, angalia mkono wangu. Kazi niliijua hivyo, kwa kuangalia. Wikiendi ya kwanza kunipeleka kwao, mama yake alinipakulia loshoro bakuli zima, yale mahindi na maziwa mgando, akasimama pembeni mpaka nikamaliza. Hakuniuliza ukoo wangu wala nasali wapi. Tangu siku hiyo namwita yeyo, kama watoto wake wanavyomwita mama yao. Nikifika nainamisha kichwa, ananigusa utosini, basi, nimefika nyumbani. Mtu akimgusa yeyo, amenitia kidole jichoni.

Sasa kuna jambo nilikuja kulijua baadaye sana, ila nalisema hapa hapa.

Kabla ya yale maji kulikuwa na ukame. Ng'ombe walikuwa wanasaidiwa kwa kuinuliwa mkia ili wasimame. Kanisa la mtaa wao, ni Walutheri kama sisi, lilitangaza maombi ya mvua, wakatoka wote mpaka mashambani wakapiga magoti kwenye vumbi. Na yeyo pale chini, moyoni mwake, akaweka nadhiri. Mvua ikija, mtamba wangu mweusi mwenye baka jeupe shingoni ni wako, Bwana. Hakumwambia mtu, hata mume wake.

Mvua ikaja. Na yeyo akachelewa. Hakuwa na nia ya kudhulumu. Mtamba alikuwa ameshika mimba, naye akawaza: azae kwanza, ndama abaki kwa ajili ya wajukuu, mama mtu aende kanisani. Mwanamke yeyote mwenye akili angewaza hivyo.

Ndipo siku moja mchana, jua kali, mzee akateremka korongoni kuwatoa ng'ombe na mbuzi. Maji yalimchukua yeye na zizi karibu lote. Mtamba yule mweusi alikuwa bomani, amefungwa kwa sababu ya kidonda cha kwato. Mnyama pekee aliyebaki ndiye aliyekuwa ameahidiwa Mungu.

Hebu kaa kwenye kigoda cha yeyo. Ungewaza nini?

Yeyo aliwaza hicho hicho. Alikifungia kifuani, na kilichoonekana nje ni kimoja tu: tangu mazishi aliacha kwenda kwenye Meza ya Bwana. Wenzake wakiinuka kwenda mbele kupokea, yeye anabaki kwenye benchi la nyuma, mikono kwenye mapaja. Mwenzangu alikuwa ananiambia, mama anakonda, na si chakula. Mimi nikasema ni majonzi, yataisha. Sikujua kwamba alishajihukumu, na hukumu yenyewe ilikuwa kwamba yeye ndiye amemuua mume wake.

Mimi kipindi hicho nilikuwa na vita vyangu. Pale sokoni Kwa Mrombo alikuwa anakuja mhubiri mmoja na spika yake, na baada ya yale mafuriko akapata somo. Kila siku ni fimbo ya Mungu, fimbo ya Mungu, watu wa kule juu wana mizimu, ndiyo maana wamepigwa. Siku ya tatu nikaacha kazi nikamfuata. Nikamwambia, mjomba, hiyo fimbo yako haina macho. Imempiga mzee ambaye hata pombe hakuijua, ikamruka jamaa aliyeiba betri ya sola ya zahanati, na nyumba yake huyo iko ukingoni kabisa. Akaniambia nisome maandiko. Nikamwambia ninayo kwenye simu, tusome wote, pale Bwana anapoulizwa habari za wale watu walioangukiwa na mnara. Si alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine waliokuwa wanakaa mjini? Akasema, soma mbele, kuna neno kutubu. Nikasema ndiyo, lakini anawaambia walio hai watubu, hawasemi wafu. Tulibishana mpaka mama wa nyanya akatutishia kutumwagia maji. Nilirudi bandani na hasira zangu, nikachoma bati la watu nikalitoboa.

Nasema haya ili uelewe moyo niliokuwa nao siku ya mavuno. Nilikuwa natembea natafuta mtu wa kupigana naye.

Jumapili ya mavuno watu wanaleta vya shambani na vya zizini: mahindi, maharage, mayai, kuku, mtungi wa maziwa. Baada ya ibada vinanadiwa pale nje ya kanisa. Kwao ilikuwa imeshazoeleka kwamba nikiwepo mimi ndiye nanadi, kwa sababu ya mdomo. Wananitania kwamba huyu Mchaga ukimwachia dakika kumi atanadi hata kivuli cha kanisa. Siku hiyo nilianza vizuri. Jogoo mmoja alinitoka mkononi akapanda juu ya bodaboda ya watu, nikamnadi huko huko aliko, na bodaboda yake. Watu walicheka, hata mzee wa kanisa, ambaye si mchekaji, alifuta machozi kwa kona ya shuka.

Halafu yeyo akaja na mtamba.

Alimvuta kwa kamba mwenyewe, mwanawe kando yake hajui hata la kufanya na mikono. Akanipa kamba. Mimi nilidhani ni sadaka ya mavuno tu, nikashangaa kwamba mjane anatoa mnyama wake wa mwisho, lakini nikasema moyoni hii ndiyo imani, nikainua sauti. Nikamsifu mtamba: mimba yake, mgongo wake, kwato iliyopona. Nikataja pa kuanzia.

Kimya.

Nikashusha. Kimya. Akina mama wanaangalia ardhi. Wanaume watu wazima kama kumi hivi wakajitenga, wakaenda kusimama pembeni ya tanki la maji, vichwa vimekutana, wananong'ona. Nikanadi mara ya tatu.

Dalali hawezi kimya, kimya kinamuua. Nikamwangalia yeyo, amesimama pale peke yake katikati ya uwanja, watu wanamkwepa macho, na nikamsikia yule mhubiri wa sokoni kichwani kama amekaa begani kwangu. Nikasema. Nilisema kwa sauti ile ile ya kunadia, kila mtu asikie.

"Mnamwogopa ng'ombe? Mnadhani ana laana? Basi semeni. Semeni kwamba mzee aliuawa na Mungu kwa dhambi ya mama huyu. Semeni hapa mbele yake, msiende kusemea kisimani."

Yeyo ndiye aliyegeuka akaniangalia, na hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyekutwa na siri yake.

"Kumbe na wewe unajua," akasema.

Akachukua kamba mkononi kwangu, akamgeuza mtamba, wakaondoka. Mimi nimebaki pale na mkono hewani, sijui ninajua nini.

Wakati wa kurudi mjini mwenzangu aliendesha pikipiki kasi kuliko kawaida yake. Nilijaribu mara mbili tatu kuongea, upepo ukala maneno. Tulipofika Kijenge aliniteremsha, akakaa kidogo na injini inawaka, akasema, "Leo umemzika baba mara ya pili." Akaondoka. Wiki hiyo tulifanya kazi bega kwa bega kama watu wasiojuana. Hata redio hakuna aliyeigombania.

Siku ya Alhamisi mzee wa kanisa akatokea bandani anasukuma toroli lililovunjika mguu. Kutoka Oldonyo Sambu mpaka Kwa Mrombo unapita mafundi wa kuchomelea kibao. Nikajua toroli ni kisingizio. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakalia dumu, akavuta ugoro wake puani taratibu, akaniacha nianze kuchomelea ndipo akaanza kuongea, maana alijua ukiwa umeshika moto huwezi kukimbia.

Akaniambia kwamba yeye na marehemu walitahiriwa pamoja, ni rika moja. Na wale waliosimama pale kwenye tanki wote ni rika hilo. Walikuwa wanaweka neno pamoja. Walitaka wamnunue yule mtamba wao wote, rika zima, mtu mmoja asionekane amezidi wenzake, kisha wamrudishe kwa kamba yake mpaka bomani kwa mjane. Wengine waliokuwepo walilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyetaja bei: nani atashindana na rika la marehemu? Na macho waliinamisha kwa heshima.

Mimi nimeinua miwani, nimesahau hata kuzima mashine. Nikamuuliza kwa nini basi hawakuniambia.

"Ulinyamaza saa ngapi tukuambie?" akasema. "Wewe kijana ukiona watu wanafikiri unadhani wamekufa."

Mwenzangu, aliyekuwa amejifanya anakata nondo, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza wiki ile. Nami nikacheka, halafu nikakaa chini kabisa kwenye vipande vya chuma, nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia. Watu walikuwa wanapika wema polepole, mimi nikapiga teke sufuria.

Nikamuuliza na lile lingine, maana lilikuwa bado linaniwasha. Kweli hakuna aliyesema kwamba ni adhabu? Hakunidanganya. Akasema wapo waliosema, na yeye mwenyewe siku ya mazishi alijaribu kutafuta marehemu alikosea wapi. Alimjua tangu jandoni, akazipata dhambi zake nyingi tu, nyingine walizifanya pamoja. Kisha akazitazama na za kwake, akaona kwa haki mtu wa kuwemo korongoni siku ile alikuwa yeye. Akaacha kutafuta.

Jumamosi tukapanda wote watatu. Karibu na boma mzee akaniambia nichume majani mabichi nishike mkononi. Kwetu Uchagani ukienda kuomba radhi unashika jani la isale, na aliyekosewa akiliona hawezi kukufukuza. Kwao ni majani tu ya malishoni, lakini maana ni ile ile. Nikayashika kwa mikono miwili.

Yeyo alikuwa anapepeta maharage. Aliyaona majani, akaniambia nikae. Nikainamisha kichwa, akanigusa. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani, na nikaanza nayo: kwamba sikujua habari ya rika, kwamba nilidhani wanamnyooshea kidole, kwamba mimi mwenyewe siamini hata kidogo kuwa ni adhabu. Akaweka ungo chini.

"Uliyoyasema ni kweli," akasema. "Hukukosea."

Ndipo akatuambia habari ya nadhiri, mbele ya mwanawe, mara ya kwanza. Alisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesimulia alivyopoteza funguo. Aliahidi, akachelewa, Mungu akachukua mwenyewe, na akamwachia yule mtamba ili aelewe. Siku ya mavuno alikuwa amempeleka kulipa, basi yaishe, apate kurudi Mezani. Watu walipokaa kimya alijua Mungu amekataa. Niliposema mimi yale maneno, akajua kwamba jambo limeshafika hadharani.

Mwenzangu aliinuka akatoka nje, tukamsikia anazungukazunguka nyuma ya nyumba.

Mimi nikaanza. Nikatoa kila nilichonacho, mnara na yote, na yule mwizi wa betri. Nikamwambia, yeyo, mvua ile ile iliyoteremka na maji ya korongo ndiyo iliyootesha mahindi ya jirani yako. Itakuwaje matone haya ni jibu la maombi na matone yale ni fimbo? Nikamwambia korongo lenyewe mzee huyu anasema akiwa mtoto alikuwa analiruka, sasa ni shimo, kwa sababu miti ya juu imekatwa na njia za ng'ombe zimechimba ardhi. Maji yanafuata mteremko. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Ana subira huyo mama.

"Sawa mwanangu," akasema. "Adhabu ina mwisho. Ukishapigwa, umepigwa. Sasa wewe unaninyang'anya hiyo. Kama si adhabu, mzee wangu amekufa kwa nini?"

Nikaokota maharage mawili yaliyoruka kutoka kwenye ungo, nikamrudishia.

Jibu la swali hilo sina mpaka leo. Nimesoma, nimeuliza watu wenye elimu zao, nimebishana na nusu ya Arusha. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba Mungu hakai juu ya Mlima Meru analenga watu kwa maji. Naamini kwamba mzee alipoteremka kuwafuata wanyama wake hakuwa peke yake mle korongoni. Lakini kwa nini siku ile, saa ile, sijui, na nimeanza kuwaogopa wanaojua. Hata ile habari ya miti iliyokatwa, ambayo ni kweli, niligundua kwamba nami naitumia kama yule mhubiri: nimeona maiti, natafuta wa kubebeshwa. Marehemu hakukata mti. Alikuwa anapanda miti.

Aliyeongea ni mzee wa kanisa. Alimuuliza yeyo swali moja tu, kavu, kama karani.

"Yule mtamba unamleta kama faini, au unamleta kama shukrani?"

Yeyo akasema faini.

"Basi kaa naye. Faini ilishalipwa msalabani. Ukileta nyingine unasema ile haikutosha, na mimi siwezi kupokea kitu kama hicho, nitaulizwa."

Nje mwenzangu alikuwa ameacha kuzunguka. Yeyo akasema kwamba shukrani hana. Alijaribu kuitafuta, hana. Nilitegemea mzee atamhubiria. Akasema tu kwamba shukrani hailazimishwi, na mtu asiye nayo hajafukuzwa nyumbani. Akamwomba chai. Tukanywa, tukaongea habari za bei ya mbegu, tukaondoka. Mtamba akabaki.

Alizaa mwezi wa kumi, jike. Wajukuu walikunywa maziwa. Jumapili zikaenda. Mara nyingi nilikuwa napanda na mwenzangu, tunakaa benchi la nyuma na yeyo, mmoja huku mmoja kule, na wakati wa Meza hatukumsukuma wala hatukumwangalia. Mimi kukaa karibu na mtu bila kumshauri ilikuwa ni kazi, nakwambia ukweli. Nilikuwa nauma ulimi. Siku nyingine nami nilibaki naye pale pale sikwenda mbele, mpaka akaniambia kwa kunong'ona niache upuuzi, niende, nisijifanye mjane.

Halafu mwaka uliofuata, Jumapili ya kawaida tu isiyo na sikukuu, wakati wa Meza ya Bwana aliinuka. Aliinuka kama anayekwenda kuangalia chungu jikoni. Akaenda mbele, akapiga magoti na wenzake, akapokea, akarudi akakaa. Mwenzangu alikuwa anaangalia dari. Mimi nililia, sina haja ya kuficha.

Tulipotoka nje, yule ng'ombe mweusi alikuwa amefungwa kwenye uzio wa kanisa. Ndama aliachwa bomani. Yeyo akamfungua, akaja akanipa kamba mbele ya watu wote. Safari hii nilikuwa mwangalifu. Nikainama nikamuuliza sikioni, yeyo, nimnadi kama nini? Ni faini au ni shukrani?

"Ni ng'ombe," akasema. "Nadi."

Nikanadi. Rika la marehemu hawakujitenga, walisimama na watu wengine, na mmoja wao alitaja bei akashindwa. Aliyempata ni mama mmoja wa upande wa chini anayeuza maziwa, akaondoka naye kabisa, hakumrudisha kwa mtu. Yeyo alimsindikiza mpaka barabarani, anamweleza kwamba huyo ng'ombe ana maringo, ukimkamua huku unaimba anapiga teke ndoo, na chuchu ya nyuma ya kushoto ianze kwanza.